Mwongozo Kamili wa Kuutembelea Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa Mara ya Kwanza

Wageni wanaokuja Unguja kwa mara ya kwanza kutoka Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na hata Pemba hurudi kwao na malalamiko yale yale: tulikuta milango imefungwa, tulizunguka saa nzima tukajikuta pale pale, tulitumia fedha nyingi na kuona machache. Mara nyingi chanzo ni kimoja. Hushuka bandarini Malindi jua likiwa limeshapanda, wakaanza kutembea mchana kweupe wakati wenyeji wamejipumzisha kivulini, kisha wakakimbilia boti ya jioni saa ile ile ambayo mji unaanza kuchangamka. Mji Mkongwe una saa zake, na mwongozo huu umepangwa kwa kuzifuata: siku mbili, usiku mmoja wa kulala, na safari nzima ya mjini kwa miguu.

## Vitu vya kuandaa

Kitambulisho halisi. Tiketi ya boti huandikwa kwa jina la msafiri, na jina hilo hulinganishwa na kitambulisho bandarini. Mtanzania achukue kitambulisho cha taifa au pasipoti. Asiye Mtanzania hana budi kuwa na pasipoti, na aulize mapema masharti ya bima ya safari, kwani Zanzibar imeweka utaratibu wake kwa wageni wa nje. Kitambulisho kina faida nyingine ambayo wengi huisahau: katika makumbusho na maeneo ya historia, kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha mgeni wa nje, lakini hupewi bei hiyo kwa kuzungumza Kiswahili tu.

Fedha taslimu katika noti ndogo. Muuza kahawa, muuza madafu na muuza urojo hawana chenji ya noti kubwa asubuhi.

Nguo za kufunika mabega na magoti, pamoja na kanga au mtandio mmoja. Mji huu ni makazi ya watu, na misikiti iko karibu kila baada ya nyumba chache. Aliyevaa kwa stara hukaribishwa barazani. Aliyevaa nguo za ufukweni hutazamwa tu akipita.

Viatu bapa vinavyovulika kwa urahisi. Njia nyingi zimetandikwa mawe yanayoteleza baada ya mvua, na ukialikwa ndani ya nyumba utavua viatu mlangoni.

Mfuko wa kitambaa, chupa ya maji na mwavuli mdogo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar kama ilivyo Tanzania Bara, kwa hiyo iache nyumbani kabla hujafungasha.

Karatasi yenye jina la nyumba utakayolala, mtaa wake, na msikiti au skuli iliyo karibu nayo. Usitegemee simu peke yake, kwa sababu itakayoelezwa katika Hatua ya 4.

## Hatua ya 1: Chagua siku

Miezi ya Juni hadi Septemba, upepo wa kusi unapovuma, ndiyo yenye hali ya hewa nzuri zaidi kwa kutembea, ingawa bahari huchafuka. Kaskazi, kuanzia Disemba hadi mwanzoni mwa Machi, huleta joto kali, na masika ya Machi hadi Mei hujaza maji vichochoroni. Atakayekuja wakati wa masika asighairi, bali aongeze siku moja.

Epuka kuifanya Ijumaa kuwa siku yako kuu. Kuanzia kama saa 5:30 maduka mengi hufungwa kwa ajili ya swala, na baadhi hayafunguliwi tena hadi alasiri. Jumapili asubuhi makanisa yako katika ibada, na si adabu kuzunguka na kamera katikati ya waumini. Kwa hiyo jozi nzuri za siku ni Jumatatu na Jumanne, Jumanne na Jumatano, au Jumatano na Alhamisi.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji uamuzi wa makusudi. Mchana migahawa mingi hufungwa, na kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani ni kosa kubwa mbele ya jamii na kunaweza kukuingiza matatani na vyombo vya sheria. Kwa upande mwingine, usiku wa Ramadhani mji huwa na uhai usioonekana mwezi mwingine wowote. Ukija wakati huo, geuza ratiba yote hii: lala mchana, tembea baada ya futari.

Wakati wa tamasha la Sauti za Busara, Februari, na tamasha la filamu la nchi za jahazi katikati ya mwaka, vyumba hujaa na bei hupanda. Weka nafasi mapema sana, au chagua wiki nyingine.

## Hatua ya 2: Vuka kwa boti ya kwanza ya asubuhi

Kutoka Dar es Salaam boti ya mwendo kasi huchukua kama saa 2. Kata tiketi siku moja kabla, katika ofisi ya kampuni yenyewe au kupitia mtandao wake, na usimpe fedha mtu yeyote anayekuandama nje ya geti akidai kwamba ofisi imefungwa. Fika bandarini saa moja kabla ya boti kuondoka, kwa kuwa mizigo hupitishwa katika mashine na foleni huwa ndefu.

Wanaotoka Pemba hupandia Mkoani. Safari yao ni ndefu na mkondo wake ni mkali zaidi, hivyo ushauri ufuatao unawahusu kwa uzito: usipande na tumbo tupu wala lililojaa mafuta, kaa sehemu ya chini katikati au nyuma ya boti ambako mtikisiko ni mdogo, tazama upeo wa bahari badala ya simu, na utafune kipande cha tangawizi.

Boti ikikaribia Malindi, toka nje upande unaotazama mji. Utaona ukingo wa majumba meupe, na Zahanati Kongwe yenye roshani za mbao zilizonakshiwa itakuwa miongoni mwa ya kwanza kutambulika. Jengo hilo liko kwenye barabara ya Mizingani, ile ile utakayopita kwa miguu baadaye.

## Hatua ya 3: Toka bandarini bila kuchukuliwa

Baada ya kuonesha kitambulisho utatokeza kwenye kundi la madereva na vijana ambao wenyeji huwaita papasi. Watakupa chumba, gari, shamba la viungo na kisiwa kwa wakati mmoja. Wengi wao wanatafuta riziki tu, lakini malipo yao huongezwa katika bei utakayotozwa huko wanakokupeleka. Jibu kwa utulivu, "Ahsante ndugu yangu, leo sihitaji," endelea kutembea, na usisimame kujieleza. Anayejieleza huhesabiwa kuwa bado anafikiria.

Kama nyumba yako iko Malindi, Kiponda, Hurumzi au Forodhani, huhitaji teksi. Gari haziingii vichochoroni na dereva atakushusha pembezoni tu. Mwombe mwenye nyumba amtume mtu akupokee getini.

Ukitaka mtembezaji, mchukue mwenye kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar. Mkubaliane kabla ya kuondoka mambo matatu: bei kwa kundi au kwa mtu, muda kwa saa, na kama viingilio vimo ndani ya bei hiyo. Magomvi mengi ninayoyasikia yanatokana na hilo la tatu.

## Hatua ya 4: Uweke mji kichwani kabla ya kuingia

Hapa ndipo wageni wengi wanapokwama. Kuta za Mji Mkongwe ni ndefu na njia zake ni nyembamba kiasi kwamba simu hupoteza mahali ilipo. Inakuonesha uko kichochoro cha pili, unageuka, na unazidi kupotea. Iweke simu mfukoni na ushike picha hii.

Mji Mkongwe ni rasi. Magharibi na kaskazini yake ni bahari. Mashariki yake ni barabara pana ya Benjamin Mkapa, inayopita Darajani penye soko, na ng'ambo yake ndiko kunakoitwa Ng'ambo hadi leo. Kusini ni Vuga na viwanja vya Mnazi Mmoja. Maana yake ni kwamba ukishika uelekeo mmoja bila kurudi nyuma, hazitapita dakika nyingi kabla hujatokeza ama baharini ama barabarani, na ukishatokeza unajua uliko. Baada ya alasiri ni rahisi zaidi: upande lilipo jua ndio upande wa Forodhani, yaani magharibi, kwenye bahari.

Ukihitaji kuuliza, anza na salamu. Huku mtu hauliziwi njia kama kibao. Kwa wazee barazani sema "Shikamoo" au "Assalaam alaykum", subiri uitikiwe, kisha sema, "Ami, naomba unielekeze Mkunazini." Kwa mama mtu mzima, "Bi mkubwa" ni heshima inayopokewa vizuri. Ulizia mtaa au msikiti, wala usiulizie jina la hoteli, kwa sababu hoteli hubadilisha majina lakini mitaa haibadiliki. Mara nyingi mtoto ataambiwa akusindikize, mwache akusindikize.

Utajua umeiweza hatua hii pale utakapotoka Darajani hadi Forodhani bila kuitazama simu. Fanya jaribio hilo mara tu baada ya kuweka mzigo chumbani, kabla ya jambo jingine lolote.

## Hatua ya 5: Mchana wa siku ya kwanza uwe ndani ya majengo

Baina ya saa 6 na saa 9 jua halina huruma. Muda huo ni wa kukaa chini ya dari, na pa kwanza ni Mkunazini.

Kanisa Kuu la Anglikana lilijengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa, baada ya Sultan Barghash kutia saini mkataba wa kulifunga mwezi wa Juni 1873. Anza katika ukumbi wa maonesho, usome maelezo yote bila haraka, kisha uteremke katika vyumba vya chini ambako dari iko karibu na kichwa na hewa huingia kwa tundu nyembamba. Baada ya hapo ingia kanisani. Mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa wekundu: hapo, kwa mujibu wa maelezo ya kanisa, ndipo uliposimama mti walipofungwa na kuchapwa watu waliokuwa wakiuzwa. Msalaba mmoja humo umetengenezwa kwa mbao za mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone, huko Chitambo katika nchi ambayo leo ni Zambia. Nje, ndani ya shimo la mraba, kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni.

Nawasihi sana wasomaji juu ya jambo moja. Usipige picha za kuchekea mbele ya sanamu hizo. Wapo humu mjini na mashambani watu ambao mababu zao walipitia soko hilo. Wape watoto wako maelezo kabla ya kuingia, wala usiwaache wakimbie ndani ya vyumba vya chini. Panga saa moja na nusu hapa. Anayetumia dakika ishirini ameona ukuta tu.

Ukitoka, kula chakula cha mchana katika mgahawa wa kawaida wa hapo hapo Mkunazini, ambako wali, mchuzi wa samaki wa nazi na pilau hupakuliwa mbele yako. Kisha kapumzike. Wenyeji hulala kidogo baada ya adhuhuri, na mgeni atakayewaiga ndiye atakayekuwa na nguvu jioni.

## Hatua ya 6: Jioni ya Forodhani

Toka saa 10 alasiri. Pitia barabara ya Mizingani kutoka Malindi ukiwa na bahari mkono wa kulia: Zahanati Kongwe, Mti Mkubwa ambao chini yake mafundi hutengeneza vyombo vya baharini, Makumbusho ya Kasri, na Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Ajabu, iliyojengwa mwaka 1883. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na tangu hapo limekuwa katika matengenezo. Litazame kutoka nje na usiruke uzio. Kuhusu Kasri, uliza kwanza kama liko wazi kabla ya kulipanga kuwa nguzo ya siku yako, kwani nalo hufungwa kwa matengenezo. Ngome Kongwe, iliyo jirani, huingilika bila shida na ina choo, jambo ambalo wazazi watalithamini.

Jua huzama baina ya saa 12 na saa 12:45 jioni kwa mwaka mzima. Fika ukutani pa Forodhani nusu saa kabla. Vijana hukimbia kwa zamu na kuchupa baharini, mmoja akipinduka hewani, mwingine akikunja magoti, huku wenzao wakiwapigia kelele za kuwatia moyo. Adhana ya magharibi inapoadhiniwa kelele hupungua, na baada ya swala ndipo meza za chakula zinapowaka taa.

Sasa makini. Zunguka meza zote mara moja bila kununua. Chagua meza wanapokula wenyeji wenye familia. Ulizia bei ya kila kitu peke yake kabla hakijatiwa kwenye sahani: mshikaki mmoja, mkono mmoja wa pweza, kipande kimoja cha jodari. Asiyeuliza huletewa hesabu ya jumla ambayo haiwezi tena kupingwa. Samaki aliyekwisha kuchomwa na kupangwa mezani arudishwe motoni mbele yako hadi apate moto ndani; kama mwenye meza hataki, nenda meza nyingine.

Kwa anayekuja mara ya kwanza, nashauri urojo kabla ya vyote. Ni mchuzi mzito wa manjano wenye uchachu wa embe mbichi au ndimu, na ndani yake hutiwa viazi, bajia, kachori, mishikaki, chatine ya nazi na chipsi za muhogo juu. Omba pilipili pembeni. Malizia kwa juisi ya miwa iliyosagwa na ndimu na tangawizi.

Ukirudi chumbani usiku, pita njia zenye taa na maduka, hata kama ni ndefu zaidi, na usitembee umeshika simu mkononi.

## Hatua ya 7: Alfajiri ya siku ya pili, vichochoroni

Hii ndiyo hatua ambayo mgeni wa siku moja huikosa kabisa, na kwangu mimi ndiyo safari yenyewe. Toka saa 12:30 asubuhi. Njia ni baridi, watoto wanakwenda chuoni, yaani madrasa, na skuli, mikate inabebwa kwa baskeli. Ukisikia kengele au honi ya vespa nyuma yako, bana ukutani bila kugeuka geuka, nayo itapita.

Chukua kahawa ya kikombe kidogo na kashata barazani pa Jaws Corner, mahali vichochoro kadhaa vinapokutana. Kaa na usikilize. Mazungumzo ni ya mpira na siasa, na mgeni anayesikiliza kabla ya kusema hukaribishwa haraka.

Kisha tazama milango. Usipige picha hamsini. Chagua mitatu na usimame. Mlango ulionyooka juu, wenye kizingiti cha mraba na aghalabu aya za Qur'ani, hufuata mtindo wa Kiarabu wa zamani. Ule wenye upinde wa nusu duara na misumari yenye vichwa vikubwa vya shaba una asili ya Bara Hindi. Angalia miimo ya pembeni: nyororo iliyochongwa kuzunguka fremu yote, samaki au mawimbi chini kabisa, maua yakipanda kutoka humo. Baadhi ya vizingiti vina mwaka wa Hijria. Papasa mfaa, ule ubao wa katikati unaofunika maungio ya mbao mbili, na utahisi jinsi patasi ilivyokwenda. Ikiwa mlango uko wazi na kuna watu ndani, omba ruhusa kwanza. Ndani ya ukumbi ule ni nyumbani kwa mtu.

Ukiingia duka lolote la zamani, inua macho. Dari limebebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba haukuweza kuzidi urefu wa boriti hizo. Ndiyo maana vyumba vya mji huu ni virefu na vyembamba.

Ifikapo saa 2:30 uwe Darajani, ambako jengo la soko lilifunguliwa mwaka 1904. Samaki ni wengi asubuhi na harufu bado inavumilika. Usiguse bidhaa ambayo hununui, na usimpige mtu picha bila kumwomba.

## Hatua ya 8: Manunuzi na kinachobaki

Kanga na vitambaa vinunuliwe Mchangani na Darajani, wanakonunua wenyeji; mitaa ya Gizenga na Shangani ni ya vinyago na bei zake ni za watalii. Viungo nunua pakiti zilizofungwa. Karafuu, hasa, chukua kiasi kidogo cha matumizi ya nyumbani, kwa kuwa biashara yake inasimamiwa na serikali na mzigo mkubwa utakutia mashakani. Usinunue kitu chochote cha ng'amba, yaani gamba la kasa, wala cha matumbawe, hata kama muuzaji anasema ni cha zamani.

Wapenzi wa muziki wapitie Shangani, kwenye makumbusho ya Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946. Ni madogo na humalizika haraka.

Kisiwa cha Changuu chenye kobe wakubwa, mashamba ya viungo ya Kizimbani na msitu wa Jozani wenye kima punju, kila kimoja kinahitaji nusu siku. Usivibane katika siku hizi mbili. Ukipata siku ya tatu, chagua kimoja tu. Kwa wenye watoto ningesema Changuu, asubuhi, bahari ikiwa shwari, na jaketi la kuokolea likiwa limevaliwa kabla boti haijaondoka.

## Hatua ya 9: Kuondoka

Rudi Malindi saa moja kabla ya boti, ukiwa na tiketi na kitambulisho mkononi. Vitu vya umeme na mizigo yenye sura ya biashara hukaguliwa upande wa Dar es Salaam na huweza kutozwa kodi, kwa hiyo weka risiti juu ya mfuko, si chini. Samaki wabichi wafungwe kwenye chombo kisichovuja, la sivyo mzigo wako utakataliwa.